Picha ya rangi ukutani: Amana inayoharibiwa na usafi wetu

MAREHEMU mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliporejea kutoka Hija alizawadiwa picha. Aliyempa alikuwa binti aliyesomea Juzuu Amma katika madrasa ya mtaani kwetu, kisha akakua akawa fundi wa khati na rangi. Ilikuwa ni Ayatul Kursiyyu kwa khati ya thuluthi, herufi za rangi ya dhahabu juu ya buluu iliyokolea, imechorwa kwa rangi za akriliki juu ya kanvasi, yaani kile kitambaa kizito cha pamba kinachowambwa kwenye fremu ya mbao. Mama aliitundika sebuleni kwake, na kwa muda wa miaka tisa haikuguswa na mtu ila kwa macho.

Alipofariki tukakaa na ndugu zetu kugawa alichokiacha. Hakikuwa kingi. Tulipoifikia picha, dada zetu walisema: ichukue wewe kaka, kwako huingia wanafunzi, wataisoma. Tukaichukua kwa furaha. Haukupita mwaka mmoja ila tulikuwa tumekwisha kuiharibu kwa mikono yetu wenyewe, na tena kwa nia njema kabisa.

Ilikuwa jioni moja kabla ya khitma ya marehemu. Wageni walitarajiwa, nyumba inasafishwa, nasi tukaiona picha imefubaa kwa vumbi na moshi wa udi. Tukachukua kitambaa, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Tulikuwa tumesikia kwamba rangi ya akriliki ikikauka huwa ni plastiki, na plastiki haiogopi maji. Tukafuta kwa bidii kama afutaye meza. Tulipokikamua kile kitambaa, maji yalitoka buluu. Na katika neno la pili la aya, mgongo wa herufi moja ulikuwa umebakiwa na dhahabu nusu tu.

Kosa la pili lilizaliwa na aibu ya kosa la kwanza. Tuliifunga picha kwa nailoni ingali na unyevu, tukaiweka juu ya kabati isionekane na dada zetu. Masika ikaja, ikapita. Tulipoifungua, nailoni ilikuwa imegandamana na rangi mahali pawili, na mgongo wa kanvasi ulikuwa na madoa ya ukungu kama shuka iliyoanuliwa mbichi.

Tunayaeleza haya hadharani kwa sababu ukurasa huu hupokea maswali mengi kuhusu picha majumbani, na takriban yote ni swali moja: ni halali au ni haramu kuitundika? Ni swali zuri. Lakini hatujaulizwa hata mara moja na aliyekwisha kuitundika picha ya halali: sasa niitunze vipi? Nasi tungeulizwa kabla ya jioni ile, tungejibu upuuzi.

Tulimalize kwanza lile la kawaida, kwa ufupi, maana mlango wa picha ni mrefu na maulamaa wameandika humo vitabu kwa vitabu. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Bibi Aisha (R.A.) aliweka pazia lenye picha, Mtume (S.A.W.) akachukizwa nalo, na kitambaa kile kikafanywa mito ya kukalia. Imepokewa vilevile kwamba Ibn Abbas (R.A.) alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa ni kuchora, naye akamwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Kwa hiyo mandhari ya bahari, jahazi, mnazi, mlango wa kale wa nakshi, au khati, si mahali pa mzozo ule unaohusu viumbe vyenye roho. Ama aya za Qur'an, hapo wafuasi wa madhehebu yetu ya Shafi wana jambo la kuzingatia: Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameandika katika At-Tibyan kwamba kuziandika aya kwenye kuta na nguo ni makruhu. Wako wanavyuoni walioruhusu. Sisi hatutaki kumvunjia mtu ukuta wake; tunasema tu kwamba aliyechagua rai ya kuruhusu amechukua pamoja nayo dhima ya kuilinda aya isidhalilike, na aya iliyoota ukungu juu ya kabati imedhalilika.

Upande wa kibla nao uachwe wazi. Anas (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliagiza liondolewe pazia la mapambo lililokuwa likimshughulisha katika Sala. Anayesali sebuleni kwake na picha kubwa yenye rangi kali iko mbele ya uso wake, ajue kwamba jicho litakwenda huko.

Tukirejea kwenye rangi yenyewe. Akriliki ni rangi changa. Zile za kuchanganywa na maji zilianza kuuzwa kwa wachoraji nchini Marekani katikati ya miaka ya 1950. Hakuna basi picha ya namna hii iliyokwisha kutimiza miaka 100, ambapo picha za mafuta ya kitani ziko zenye miaka 500 na zaidi. Hata majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya, yenye picha mashuhuri kama ile ya David Hockney iitwayo "A Bigger Splash" ya mwaka 1967, yangali yanajifunza namna ya kuzisafisha. Jumba la Tate la London, linaloihifadhi picha hiyo, liliendesha mradi mzima wa utafiti kati ya mwaka 2006 na 2009 kuhusu rangi hizi na jinsi zinavyopokea maji na dawa. Wataalamu wa kemia wameshika pamba yenye unyevu kwa mkono unaotetemeka, nasi tulishika dodoki!

Rangi hii imetengenezwa kwa vumbi la rangi lililochanganywa na chembechembe ndogo sana za plastiki zinazoelea katika maji. Maji yakikauka, chembe husogeleana, zikashikana, zikafanya ngozi moja. Ndiyo maana hukauka upesi, haigeuki manjano kama mafuta, na inakunjika pamoja na kitambaa bila kupasuka. Hizo ndizo sifa zake. Ila ngozi hiyo ni laini daima. Katika joto la pwani yetu, ambalo kuanzia Desemba hadi Machi hupita nyuzi 30, haiwi ngumu kabisa. Hubaki kama mpira, yenye kunata kidogo isivyohisika kwa kidole. Vumbi likitua juu yake halikai tu kama linavyokaa juu ya meza, bali huzama. Nailoni, gazeti au kioo kikigusana nayo kwa muda, hushikana nayo.

Kuna na jambo la pili ambalo hatukulijua. Ili chembe zile zisishikane zikiwa ndani ya chupa, watengenezaji hutia vitu mfano wa sabuni. Baadhi ya vitu hivyo hupanda polepole hadi juu ya picha iliyokauka na kufanya utando mwembamba, na utando huo hupenda maji kama chumvi inavyoyapenda. Anayepitisha kitambaa chenye maji huvimbisha rangi na kuondoa utando, na pengine huondoka na rangi. Fundi wetu alitueleza baadaye kwamba ile buluu aliipaka kwa kuizimua sana kwa maji ili iwe nyepesi kama anga. Rangi iliyozimuliwa hivyo hubakiwa na gundi haba ya kuishika. Ndiyo iliyokuja na kitambaa.

Maji ni afadhali kuliko spiriti. Spiriti huiyeyusha akriliki hata iliyokauka miaka mingi. Kwa hiyo dawa za kupuliza za kusafishia vioo, manukato ya kupuliza yenye spiriti, na dawa za mbu za kopo, zote zisipulizwe karibu na picha. Hili linahitaji kusemwa kwetu hasa, kwani sebule zetu hupulizwa marashi kabla ya mgeni na dawa ya mbu baada ya magharibi, na ukuta wenye picha ndio mara nyingi ukuta wa karibu.

Hapa tuwatoe wasiwasi wenye picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya mafuta, ya aina inayopakwa baiskeli, juu ya hadibodi. Na waliomfuata wengi waliendelea na rangi hiyo hata walipohamia kwenye kanvasi. Hiyo ikikauka huwa ngumu na hung'aa kama sahani. Akriliki isiyopakwa vanishi kwa kawaida haina mng'ao huo. Asiyejua aliyonayo ni ipi asijaribu kwa ukucha wala kwa maji, amuulize aliyechora au aliyemuuzia. Wachoraji wetu wengi wako hai, wana simu, na hufurahi kuulizwa.

Watu wa pwani hii si wageni katika elimu ya kupamba kuta. Majumba ya kale ya Lamu yana zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa katika lipu, ambamo waliwekwa vyombo vya kauri vilivyokuja na majahazi. Wazee wetu walichagua kitu kisichoogopa pepo za bahari. Kauri hainywi maji. Kanvasi hunywa, na huo ndio mtihani wetu: tumechukua pambo la nchi kavu na baridi tukalileta penye kusi na kaskazi.

Ukuta wenyewe ndio adui wa kwanza. Nyumba za mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja, hunyonya maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huyatoa polepole pamoja na munyu, ambao ndio hubambua chokaa. Picha iliyobanwa kwenye ukuta kama huo huwa imevalishwa nguo mbichi mgongoni. Hata nyumba za matofali ya saruji zina ukuta mmoja au wawili wa namna hiyo: wa nje unaopigwa na mvua, na ule unaopakana na bafu. Basi picha itundikwe kwenye ukuta wa ndani, ulio kati ya chumba na chumba, na isiugandame. Dawa yake ni nyepesi mno hata tuliiona kama mzaha: vipande viwili vya kizibo cha chupa, kile cha gome la mti, vyenye unene wa kidole, vikigundishwa nyuma ya fremu kwenye pembe mbili za chini. Upepo hupita nyuma, na ukungu hukosa makazi. Ama ukuta wa choo, huko aya hairuhusiki kwa adabu na picha yoyote hairuhusiki kwa unyevunyevu. Hapa fiqhi na ufundi vimekubaliana bila kuhitaji kikao.

Mgongo wa kanvasi nao ufunikwe kwa hadibodi nyembamba au kadibodi ngumu iliyofungwa kwenye fremu, isiyogusa kitambaa. Tulipogeuza picha ya mama tulikuta nyuma yake mayai mawili ya mjusi kafiri. Mnyama huyu ana mahaba na picha za ukutani. Huziona kama pango alilojengewa, na kinyesi chake huunguza kitambaa na rangi. Mchwa nao hupanda ndani ya ukuta na kutokea penye mbao za fremu pasipo mtu kuona, kwa hiyo picha ishushwe na kutazamwa mgongo walau mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli.

Jua lisiifikie moja kwa moja. Plastiki ya akriliki yenyewe hustahimili mwanga vizuri, lakini vumbi la rangi lililomo ndani yake hutofautiana: rangi za udongo na nyeupe hudumu, baadhi ya nyekundu, waridi na zambarau hupauka. Ukuta unaoelekea dirisha la magharibi ni mbaya kuliko yote, kwa sababu jua la alasiri huleta mwanga na joto kwa pamoja. Na chini ya bati lisilo na dari, joto la juu ya ukuta ni kali kuliko la usawa wa kifua. Tusiipandishe picha huko kwa kisingizio cha heshima. Taa za kisasa za umeme mdogo hazina madhara ikiwa haziko karibu sana.

Kuhusu urefu wa kutundika, majumba ya makumbusho huweka kitovu cha picha sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya aliyesimama. Sisi wengi hukaa chini, kwenye mikeka na majamvi, na jicho la aliyekaa liko chini zaidi. Picha ya mandhari yaweza kuteremshwa. Yenye aya tuliona ibaki juu ya vichwa vya waliokaa, ili asiwepo wa kuiegemea kwa mgongo, wala mtoto wa kuipaka mikono ya halua. Itundikwe kwa ndoana mbili, si moja, ili isizunguke na kupinda. Na ukuta wa chokaa ya kale usiaminiwe kwa msumari mtupu, bali utobolewe na kuwekwa plagi na skrubu, maana chokaa ile humeng'enyuka kama kashata. Tumeshuhudia picha nzima ikishuka na lipu yake.

Mafundi wa fremu wa mjini wana mazoea ya kuweka kioo kila wanapopewa picha. Wakatazwe, au wasimamiwe. Kioo kikilalia akriliki, katika msimu wa joto hushikana nayo, na siku ya kukitenganisha huondoka na vipande vya rangi. Anayehitaji kioo kwa sababu ya moshi na watoto aagize kiwe na nafasi kati yake na picha, kwa kipande cha mbao nyembamba kinachozunguka ndani ya fremu. Bila kioo ni salama zaidi katika nyumba nyingi zetu, kwani nyuma ya kioo jasho hukusanyika.

Mchoraji anaweza kuipa picha kinga nyingine, nayo ni vanishi ya kuondoleka, inayopakwa baada ya rangi kukauka barabara. Vumbi hutua juu ya vanishi badala ya kuzama katika rangi, na miaka ikipita fundi huiondoa na kupaka nyingine. Kazi hii si ya mwenye nyumba. Vanishi ya milango inayouzwa dukani huwa manjano na haiondoki tena. Anayenunua picha leo amuulize mchoraji: umepaka vanishi? ya aina gani? Jibu liandikwe kwa kalamu ya risasi kwenye ubao wa nyuma wa fremu, pamoja na jina lake na mwaka. Lisiandikwe kwenye kitambaa chenyewe, kwani hutokeza mbele.

Sasa tufike kwenye vumbi, ambalo ndilo lililotuponza. Hufutwa kwa brashi pana, laini na kavu, kama ile ya kupakia unga wa uso, isiyotumika kwa kazi nyingine. Picha huegemezwa ikiinama mbele kidogo ili vumbi lianguke chini lisirudi, na brashi hupitishwa kutoka juu kwenda chini kama anayepapasa, mara mbili au tatu kwa mwaka. Fagio la manyoya lisitumike, kwani nyoya lililovunjika hukwaruza. Kitambaa kisitumike hata kikiwa kikavu, kwa sababu husugua vumbi na kuliingiza ndani, na nyuzi zake hunaswa penye rangi nene. Ikiwa rangi inabanduka au inapukutika, hata brashi isiguse. Na yale tunayoambizana mitaani, kiazi kilichokatwa, mkate, mate, maji ya limau, yote ni ya kuachwa. Uchafu usiotoka kwa brashi kavu si wetu tena, ni wa fundi.

Moshi wa udi hautoki kwa brashi. Hufanya utando wa manjano wenye mafuta, na juu ya ngozi laini ya akriliki hudumu. Hatumwambii mtu aache udi nyumbani kwake! Chetezo kiwekwe upande wa pili wa chumba, karibu na dirisha, wala kisipitishwe chini ya picha kama tulivyozoea kuifukiza kwa kuitukuza. Dawa ya mbu ya kuchoma na jiko la mkaa huingia katika hukumu hiyohiyo.

Walio na jamaa ughaibuni hupokea au kupeleka picha zilizokunjwa. Kanvasi isikunjwe kama barua, bali iviringishwe juu ya bomba pana, upande wa rangi ukiwa NJE. Wengi huviringisha rangi ndani wakidhani wanailinda, kumbe rangi inabanwa na kujikunja, na inapofunguliwa huvutika. Juu ya rangi iwekwe karatasi isiyonata ya kuokea mikate, kamwe si gazeti wala nailoni. Ikifika ifunguliwe ndani ya siku chache na kuwambwa. Aliyeko nchi za baridi asiifungue pindi inapotoka nje kwenye theluji. Akriliki ikikaribia nyuzi sifuri hukakamaa na huweza kupasuka, hivyo aiache ndani ya chumba chenye joto kwa siku nzima kwanza.

Baada ya lile la nailoni tulikaa na siri yetu kwa muda, kisha tukampigia simu binti aliyechora, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu. Kabla yake tuliwapigia dada zetu, na hiyo ilikuwa simu ngumu zaidi. Mkubwa wao alinyamaza, kisha akauliza ni herufi ipi. Alipoambiwa alisema kwamba mama alikuwa akiishia kuitazama hapo kila anapovuta uradi.

Binti alikuja siku ya Jumapili na begi dogo. Hakutulaumu, nasi tungependelea angetulaumu. Aliikausha picha kivulini, penye upepo, siku mbili, wala hakuiweka juani kama tulivyokuwa tumekusudia. Ukungu ulipokauka kabisa aliutoa nje ya nyumba kwa brashi, huku amefunga pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake lina madhara kwa kifua. Nailoni iliyogandamana mahali pamoja aliweza kuitenganisha polepole. Pale pa pili aliiacha, akaikata kwa mkasi kuzunguka doa, akasema kuivuta kutaondoka na buluu yote mpaka kwenye kitambaa. Iko hapo hadi leo, ukubwa wa sarafu.

Tukamuuliza kuhusu herufi. Tulikuwa na swali la kisheria kichwani: aya ikiharibika kiasi cha kutosomeka, njia yake ni kuzikwa mahali safi au kuchomwa, na kwa hilo la kuchoma kuna mfano wa Sayyidna Uthman (R.A.) alipoamuru kuchomwa nakala zilizobaki baada ya kuunganisha msahafu. Hatukutaka kufikia hapo. Yeye aliisoma aya yote kwa sauti, akiifuata kwa kidole bila kugusa, akathibitisha kwamba haikupungukiwa na herufi wala nukta. Iliyopungua ni dhahabu tu. Akasema kwamba kuongeza dhahabu mpya juu ya ya zamani kungeonekana kama kiraka, na kwamba anahitaji kufikiri. Alirudi baada ya mwezi mmoja na chupa ndogo ya rangi aliyoichanganya mwenyewe, akajaza pale palipofutika tu, kwa brashi yenye ncha ya uzi. Kazi yote haikuzidi dakika 20.

Kabla ya kuondoka alituonyesha vipande vidogo vya mbao vilivyochomekwa ndani ya pembe za fremu, kwa nyuma. Ni kabari. Zikigongwa taratibu kwa nyundo ndogo, fremu hutanuka na kanvasi iliyolegea hujinyoosha. Yetu ilikuwa imelegea, inatikisika kwa upepo wa feni. Aligonga mbili za juu kidogo mno. Zile mbili za chini alizifunga kwa utepe zisianguke, akatukataza kuzigusa, kwa sababu hewa ilikuwa bado imejaa maji. Kitambaa kikinyooshwa wakati wa unyevu, kikija kukauka wakati wa kaskazi hujivuta kupita kiasi. Atakuja mwenyewe kuzigonga Januari, akijaaliwa, na dada yetu mkubwa ameomba aarifiwe siku hiyo ili naye awepo.